Miaka 40 ya Dirisha Linalovuka Waya

Jumamosi ni siku ya vyungu Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mitumbwi inawasili kutoka Ikombe ikiwa imejaa mpaka ukingoni, nyasi zimepachikwa katikati ya vyungu visigongane, na akina mama wa Kikisi, waliovifinyanga kwa mikono bila gurudumu, wanashusha mzigo na kuupanga mchangani. Udongo na mafundi wako Ikombe. Majiko yako Matema, Ipinda na Kyela mjini. Hatujasikia mtu akistaajabu kwamba chungu kimetengenezwa upande ule wa maji na samaki aina ya mbasa anachemkia upande huu.

Juni 2024 wazo la namna hiyo hiyo, la kompyuta, lilitimiza miaka 40, na gazeti hili liliona lisipite bila neno. Jumanne ya Juni 19, 1984, Bob Scheifler wa chuo cha MIT, Marekani, aliwaandikia wenzake kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akitengeneza mfumo wa madirisha ya kompyuta, kwamba msimbo mwingi ameuchota kutoka mfumo wa watu wa Stanford ulioitwa W, na kwamba huo wake ameuita X. Jina halina fumbo: baada ya W huja X. (Sisi ambao alfabeti yetu haina hata hiyo X tunaruhusiwa kucheka kidogo.) Tangu hapo, programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta moja yenye mfumo wa Unix imeweza kufungua dirisha lake kwenye kioo cha kompyuta nyingine, iwe chumba cha pili au bara la pili, mradi mashine hizo mbili zinafikiana kwa mtandao.

Ili msomaji apime umbali tuliotoka, akumbuke Juni ile ilikuwaje kwetu. Taifa lilikuwa limemzika Waziri Mkuu Edward Sokoine miezi miwili tu nyuma. Televisheni Bara haikuwapo. Miaka kumi kabla, mwaka 1974, serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hofu ambayo wakati ule haikuwa ya kijinga kama wengi wanavyoichukulia leo: mashine zilikula fedha za kigeni na hesabu zikaharibika vilevile. Aliyekuwa anasoma shule ya msingi Kyela mwaka 1984 alijua dirisha moja tu, lile la ukutani.

Watatuuliza: hii ni taasisi, au ni programu tu? Tunajibu kwamba X imekuwa na nyumba, katiba, wazee na magomvi ya urithi, na imewazika wenye nyumba wake wengi. Ilizaliwa ndani ya Mradi wa Athena, ambao MIT iliuanzisha mwaka 1983 pamoja na kampuni za DEC na IBM ili wanafunzi wawe na kompyuta za aina tofauti zinazofanya kazi kwa pamoja. Jim Gettys wa mradi huo akawa mkono wa kulia wa Scheifler. Mwaka 1988 uliundwa Muungano wa X chini ya MIT, baadaye ukajitegemea, mwishoni mwa 1996 ukafungwa. Kazi ikahamia kwa shirika la The Open Group, huku kikundi cha kujitolea cha XFree86 kikiifanya X ikae kwenye kompyuta za bei nafuu ambazo sote tunazijua. Mwaka 2004 XFree86 walibadilisha leseni, wenzao wakakataa, wakahama na msimbo wao kwenda Wakfu wa X.Org, uliozaliwa mwaka huo huo. Kwa hiyo yubile ni mbili: 40 ya mfumo, 20 ya wakfu unaoulea. Jambo lililowawezesha kuhama bila kuomba ruhusa ni leseni ya MIT, ambayo inamruhusu mtu yeyote kuchukua, kubadilisha na hata kuuza. Ukoo wenye shamba lisilo na hati ya mtu mmoja hugombana, ndiyo, lakini haufukuzwi.

Sasa tuingie jikoni. Kinachowachanganya wanafunzi wote wa X ni nani mhudumu na nani mteja. Tumezoea kwamba seva ni ile mashine kubwa iliyofungiwa chumba chenye baridi, na mteja ni mimi niliyekaa mbele ya kibodi. Katika X ni kinyume. Seva ni mashine iliyo mbele yako, kwa sababu ndiyo yenye kioo, kibodi na kipanya, na hivyo ndivyo vinavyogombewa. Mteja ni programu, popote ilipo. Programu inabisha hodi: naomba dirisha la upana huu na urefu huu, naomba mstari kutoka hapa mpaka pale, naomba maandishi haya kwa herufi hizi. Seva inachora. Mtu akibofya, seva inapeleka habari kwa programu: mgeni, umeguswa, ni mahali fulani, kwa kitufe cha kushoto. Programu inaamua la kufanya, inaomba tena. Ukiwaona wawili hao kama mama mwenye nyumba na mpangaji anayeomba kutumia jiko, hutasahau tena.

Anwani ya kioo huandikwa kwenye kigezo kiitwacho DISPLAY. Ukiambia programu kwamba DISPLAY ni kyela:0, inakwenda kutafuta kioo cha kwanza cha mashine yenye jina kyela, kwenye mlango namba 6000. Hiyo tu. Haiulizi mashine hiyo ni ya kampuni gani wala ina prosesa ya aina gani. Mwaka 1984 kampuni kila moja ilikuwa na lugha yake ya kuchora, na kuzisemesha pamoja ilikuwa sawa na kupeleka barua ya Kinyakyusa kwa Mmasai bila mkalimani.

Lakini sifa tunayoipigia magoti katika yubile hii ni nyingine, na wengi huipita. Mfumo wa W ulikuwa na tabia ya kungoja. Programu iliomba mstari mmoja, ikasimama mpaka ijibiwe, ndipo ikaomba wa pili. Scheifler aliuondoa ule ungojaji. Programu ya X inaporomosha maombi yake mfululizo bila kusubiri jibu la kila moja. Rudi Matema uone tofauti. Mtu wa kwanza anahitaji vyungu 30. Anatuma mtumbwi Ikombe ukalete kimoja, anakaa ufukweni mpaka urudi, anautuma tena. Mwenzake anatuma orodha nzima mara moja na kwenda kuuza mchele wake. Maji ni yale yale na mpiga kasia ni yule yule, lakini wa pili atapika leo.

Ubaya wake nao ni ule ule wa Ikombe. Chungu cha tano kikivunjika njiani, habari inakufikia umekwisha kuagiza cha 20. Waandishi wa programu za X wanalijua hili vizuri: kosa linatokea hapa, taarifa yake inafika baadaye, na unabaki kukisia ni ombi lipi lililoharibu. Kuna kitabu cha mwaka 1994 cha kuisema vibaya Unix, The Unix-Haters Handbook, kilichotoa sura nzima kuiponda X, na si kila neno lake ni la uongo. X haikuamua madirisha yafananeje, yawe na vitufe wapi, yafungwe vipi. Waasisi walitaka kutoa nyenzo na kuacha mtindo kwa wengine. Matokeo yake, kwa miaka mingi kompyuta ya Unix ilikuwa kama daladala iliyopakwa rangi na mafundi sita tofauti. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni dhambi kubwa. Kwa kutoamua, X ilibaki kijana: toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na mpaka leo bado tuko toleo la 11.

Dhambi ya kweli ilikuwa usalama. Mwanzoni X iliwaamini majirani. Ulikuwa ukiandika xhost na alama ya kujumlisha, mlango unafunguliwa kwa kila mtu mtandaoni. Waliopita katika maabara za Unix za enzi hizo wanaukumbuka utani wake: mtu yuko kwenye zoezi lake, ghafla macho mawili makubwa yanatokea kwenye kioo na kuanza kufuata kipanya chake, na kicheko kinasikika safu ya nyuma. Ni programu ndogo iitwayo xeyes. Kicheko kilikwisha walipogundua kwamba aliyeweza kuweka macho aliweza pia kusoma kila herufi inayochapwa, nywila zikiwemo. Dawa ya kutegemewa ilikuja mwaka 1995, wakati Tatu Ylönen wa Finland alipotoa SSH, inayopitisha madirisha ya X ndani ya njia iliyofichwa. Leo anayetumia X kwa mbali bila SSH anajitafutia.

Tuje nyumbani. Faida ya kutenganisha kazi na kioo waliiona mapema wale wasio na fedha. Mwaka 1999, Jim McQuillan wa Michigan, Marekani, alianzisha mradi wa LTSP. Wazo lake: chukua kompyuta chakavu, ondoa diski, iache na kioo, kibodi na kadi ya mtandao. Ikiwashwa, inachota mfumo wake kutoka kwenye seva moja yenye nguvu, inaanzisha X, na kutoka hapo kila programu anayoifungua mwanafunzi inafanya kazi kwenye seva, dirisha tu ndilo linaloonekana mbele yake. Mashine ambayo ofisi ya Ulaya imeitupa inakuwa sawa na mpya. Mradi wa Linux4Afrika kutoka Ujerumani ulikusanya kompyuta za namna hiyo na kuzileta katika shule za Msumbiji na Tanzania, zikiwa zimepangwa hivyo hivyo: seva moja, vioo vingi. Na karibu na wakati huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walikuwa wakiendesha mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Neno dirisha likapata maana ya pili katika lugha yetu, na hakuna aliyelalamika.

Mwalimu yeyote aliyewahi kuendesha chumba cha namna ile atakuambia mambo mawili. La kwanza, virusi na mipangilio iliyovurugwa vilipungua, kwa kuwa kilichopaswa kulindwa kilikuwa kimoja. La pili, seva ikizimika, darasa lote linalala kwa pamoja, na ni yeye anayetazamwa. Ndiyo maana chumba kilichopangwa kwa akili kilikuwa na betri moja nzuri ya akiba kwa seva badala ya 20 mbovu. Kwenye wilaya ambako masika yanaweza kujaza Mbaka na Lufilyo hadi mashamba ya mpunga yakawa ziwa la pili, na nguzo ya umeme ikaegemea mchikichi, hesabu hiyo haidharauliwi.

Je, X inaweza kutoka Dar es Salaam mpaka hapa? Inaweza, na hapo ndipo tunapotakiwa kusema ukweli mbele ya mwenye sherehe. Mkongo wa taifa unafika wilayani kwetu. Kasumulu, ambako malori yanapanga foleni kuingia Malawi, ndiko unakovukia kwenda kwa jirani. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar mpaka Kyela kwa barabara ni kama kilomita 950, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 10, hata ukiongeza vituo vya njiani si kitu cha kulalamikia. Lakini kabla ya nyaya za baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, nchi ilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Swali kwenda na jibu kurudi lilikula karibu nusu sekunde. Programu iliyoandikwa ovyo, inayouliza maswali 100 na kungoja kila jibu kabla ya kuonyesha chochote, ilichukua karibu dakika nzima kufungua dirisha tupu. Scheifler aliuondoa ungojaji mlangoni, waandishi wa programu wakaurudisha kupitia uani.

Tulifanya jaribio la yubile katika chumba chetu cha kazi mjini Kyela. Mbele kuna kompyuta ya mkononi iliyochoka, betri yake haikai, kitufe cha herufi M hakirudi mpaka ukipige. Chumba cha nyuma kuna mashine ya mezani yenye nguvu, ile tunayotayarishia kurasa. Tukaunganisha waya, tukaandika ssh -X na jina la mashine ya nyuma, kisha gimp, programu ya kuhariri picha. Feni ya chumba cha nyuma ikaanza kuvuma. Dirisha likafunguka huku mbele. Tukapunguza mwanga wa picha ya mwalo wa Itungi, tukakata pembeni, tukahifadhi. Picha haikuwahi kukaa kwenye ile mashine chovu hata sekunde moja. Kisha mmoja wetu akajikwaa kwenye waya. Dirisha likaganda, na muunganisho ulipokufa programu ikafa nao, pamoja na kazi tuliyoifanya baada ya kuhifadhi. Hiyo ni tabia ya X ya tangu utoto: kamba ikikatika, mtumbwi unazama. Zipo programu za kuishikilia, xpra kwa mfano, lakini lazima uwe umekumbuka kuitumia kabla ya kujikwaa.

Jaribio hilo lilitukumbusha Mei 12, 2024, siku nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikalegea nchi nzima. Kila kitu tulichokipeleka mawinguni kwa miaka kumi hii, barua, nyaraka, hata kalenda ya kikao, kilikuwa ng'ambo ya maji. Kivinjari nacho ni mtoto wa wazo lile lile: kazi inafanyika kule, inaonekana huku. Tofauti ni kwamba kule kwa kivinjari ni kwa mwenye kampuni, mbali, kwa masharti yake. Kule kwa X panaweza kuwa chumba cha nyuma. Siku ile ya Mei, mashine zetu mbili zingeendelea kuonyeshana madirisha bila kujua kwamba bahari ina tatizo.

Wapo wanaosema mzee amechoka, na wana hoja. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, mfumo mpya uliokusudiwa kurithi kiti. Ni safi zaidi, hauruhusu programu moja kuchungulia nyingine, na picha zake hazitetemeki. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba toleo kubwa lililokuwa linafuata la mfumo wake wa Linux halingekuwa tena na seva ya X.Org. Waliojenga Wayland wengi wao ni wale wale walioilea X kwa miaka, kwa hiyo huu si uasi wa watoto wa mtaani. Tunaupokea. Lakini waliusanifu wakiwa na hakika kwamba programu na kioo vimo katika mashine moja, na suala la mtandao wakaliweka kando, wengine walishughulikie. Tangu 2019 ipo programu ya nyongeza iitwayo waypipe inayopitisha madirisha ya Wayland kwa SSH, na inafanya kazi vizuri. Ombi letu ni kwamba iingizwe ndani ya nyumba na kuletwa pamoja na mfumo, isiachwe barazani kama mgeni wa usiku. Aliye na mashine mpya kila baada ya miaka mitatu hatahisi pengo. Sisi tutalihisi.

Kwa wakuu wa shule na vyuo wa Kyela na wilaya jirani tuna neno fupi. Lile rundo la kompyuta lililofunikwa turubai stoo, linalongojea kuandikiwa fomu ya kufutwa, likaguliwe kwanza. Kompyuta yenye kioo kizima, kibodi na tundu la waya wa mtandao bado ni dirisha. Inakosa tu mashine moja yenye nguvu nyuma yake, na swichi ya mtandao.

Na msomaji anayetaka kuiheshimu yubile hii kwa mkono wake mwenyewe achukue kompyuta mbili zenye Linux, aziunganishe kwa waya, aingie ya pili kwa ssh -X, kisha aandike xeyes. Macho mawili yatafunguka kwenye kioo chake. Asogeze kipanya.